Kabla ya kununua rimu, pima tundu la katikati

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno. Mtu kafunga rimu mpya, gari limependeza, lakini likikaribia kilomita 100 kwa saa usukani unatetemeka. Anarudi kubalansi tairi, fundi anabandika vyuma vingine, mtetemo uko pale pale. Nikimuuliza tundu la katikati la rimu zake lina milimita ngapi, hana jibu.

Inchi na idadi ya nati sitazigusa, hizo kila mtu anazijua. Hata 5x114.3, yaani nati tano kwenye duara la milimita 114.3, wengi wameikariri. Tatizo ni kwamba Toyota, Honda, Nissan na Mazda wote wanalitumia duara hilo, ila habu zao, yaani kile kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu la rimu, hazilingani: milimita 60.1 kwa Toyota, 64.1 Honda, 66.1 Nissan, 67.1 Mazda. Rimu ya Toyota haipandi kwenye Honda. Ya Honda kwenye Toyota inapanda vizuri kabisa, na hapo ndipo watu wanaponaswa, kwa sababu imebaki na nafasi ya milimita mbili kila upande. Fundi akikaza nati gari likiwa limeshakanyaga chini, rimu inakaa upande, na hakuna balansi itakayoiponya. Dawa yake ni pete ya kujaza nafasi hiyo. Pete haibebi uzito wa gari, hiyo ni kazi ya nati zilizokazwa sawasawa. Yenyewe inaiweka rimu katikati tu. Mimi nachukua za alumini na kuzipaka grisi kidogo zisigande na kutu. Za plastiki siziamini karibu na joto la breki.

Ofseti, ile namba ya ET, ni milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapoegemea habu, nayo ina hesabu yake pamoja na J, yaani upana wa rimu kwa inchi. Ukitoka 7J ET45 kwenda 8J ET35, ukingo wa nje unasogea milimita 22.7 kuelekea madigadi, na wa ndani 2.7 kuelekea shokamzoba. Piga hesabu hiyo kabla hujalipa.

Sasa chaguo langu. La kwanza ni Enkei, na sifichi kwamba nina upendeleo. Wajapani hawa wapo tangu 1950, kuta za rimu zao huviringishwa zikawa nyembamba bila kupoteza nguvu, na mgongoni utakuta alama za JWL na VIA, za viwango na ukaguzi wa rimu wa Japani. Hata hivyo RPF1, mojawapo ya rimu zao, ina tundu la 73, kwa hiyo bila pete usiifunge.

La pili ni rimu za kiwandani kutoka gari jingine la kampuni ile ile. Pima tu, maana Toyota za 5x100 zina 54.1, si 60.1. Angalia na nati: za rimu asilia za Toyota zina kitako bapa, za Honda kitako cha mviringo, na rimu nyingi za kununua pembeni zinataka kitako cha koni.

Rimu za BBS na Rays, zile za chuma kilichoshindiliwa badala ya kumiminwa, nazipa nafasi ya tatu kwa sababu ya bei peke yake. Halafu TE37 ya Rays, iliyotoka 1996, imeigwa kupita kiasi.

Za bei rahisi? Kama hazina JWL wala uzito wa juu uliochapwa kwa kilo, ziache.

Kinachonikera hasa ni matangazo. "Inchi 17, nati tano, kali sana," na picha sita za upande wa mbele. J na ET zimechapwa mgongoni. Kugeuza rimu na kupiga picha moja kunamchukua muuzaji sekunde ngapi? Ukimuuliza tundu, anakuambia "itaingia tu". Mwingine anajitolea kulipanua kwa mashine ili rimu ya 60.1 ipande kwenye Honda, na akishakata chuma kile anakwambia bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mtake akutumie picha ya mgongo na kipimo cha tundu kwa vernia. Akikataa, tafuta mwingine.