Wamekwambia ni Mauser ya Kuwindia? Angalia Ukuta wa Kushoto Kwanza

Mbukwenyi! Karibuni tena, hapa ni Dodoma, na upepo wa mji huu mnaujua, kwa hiyo mkisikia maiki inavuma mnivumilie. Ile mpya bado iko njiani, msiniulize iko wapi. Leo mezani pana bunduki. Kabla hamjakimbilia kwenye komenti: mwenyewe yupo hapa pembeni, mzee wetu, leseni anayo, bolti, yaani komeo la chuma linalofunga nyuma ya mtutu, imetolewa, chemba ya risasi tupu, na humu ndani hakuna risasi hata moja. Haya, twende.

Mzee aliuziwa hii miaka hiyo na hadithi yake kamili. Eti Mauser, bunduki ya Kijerumani, ya kuwindia, iliachwa na Mjerumani kwenye vita vya Kondoa mwaka 1916. Vita vile vilikuwepo kweli, van Deventer, jenerali wa upande wa Waingereza, aliingia Kondoa mwezi wa nne, von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akamfuata mwezi wa tano kujaribu kumtoa, akashindwa. Lakini hii bunduki? Subirini.

Ukiitazama kwa mbali unakubali. Mbao nzuri, imechongwa nyembamba, sehemu ya mbele imekatwa mtutu ukabaki wazi, darubini juu. Bunduki ya bwana mkubwa wa safari. Uzito, urefu wa mtutu, hayo siyasemi, yapo kila kona. Mimi nataka muone kitu kimoja. Sogeza kamera. Sogeza tena, usiogope.

Hapo. Upande wa kushoto wa risiva, hiki chuma kikuu kinachobeba bolti. Ukuta unakuja umenyooka, umenyooka, halafu ghafla umemegwa. Pitisha kidole... umeona? Dole gumba langu lote linazama. Sasa rudi nyuma kidogo, hapa kwenye daraja la risiva, kuna mfereji huku na mfereji huku. Askari alikuwa anapewa risasi 5 zimebanwa kwenye klipu ya bati. Anaisimamisha klipu kwenye hii mifereji, anazikandamiza kwa dole gumba, zote tano zinashuka kwa mpigo mmoja. Dole linataka pa kupita, ndiyo maana ukuta ukakatwa. Nimekata kadibodi saizi ya klipu, tazama... inaingia, inakaa, haichezi! Gumba hapa, sukuma, pengo linalipokea. Narudia kwa aliyekuwa anaangalia simu nyingine: klipu, gumba, sukuma. Napapenda hapa kuliko sehemu nyingine yoyote ya bunduki hii.

Na sasa cheka na mimi. Darubini imefungwa juu palepale klipu ilipotakiwa kusimama! Kwa hiyo mwenye bunduki hii anajaza risasi moja moja, na pengo limebaki halina kazi. Risiva nyingi ambazo FN, kiwanda cha silaha cha Ubelgiji, ilizitengeneza kwa ajili ya raia, ukuta huu ni mzima. Ukikuta pengo, anza kushuku jeshi, kisha tafuta ushahidi wa pili.

Ushahidi wa pili huu hapa, na hapa ndipo ninapokasirika. Juu ya risiva kuna mtu amepitisha msasa. Kwa nini? Inamishia kwenye mwanga wa dirisha... b, y, f, chini yake 43. Byf ni alama ya kiwanda cha Mauser kule Oberndorf wakati wa vita vya pili, na 43 ni mwaka 1943. Hii ni Karabiner 98k, ambayo jeshi la Ujerumani lilianza kuitumia 1935. Mjerumani wa Kondoa angeiachaje? Kulia kuna kivuli cha bawa la tai, mhuri wa mkaguzi wa jeshi, nao umesagwa. Mbao badilisha, mtutu badilisha, ila risiva muiache isome!

Kuna chaneli moja, siitaji, inaita kila bunduki ya zamani Mauser. Jamani. Lee-Enfield, bunduki ya Waingereza, ina magazini ya risasi 10 iliyotokeza chini, na inajikoki, yaani inajiweka tayari kufyatua, unaposukuma bolti mbele. Hii ya Mauser inajikoki unaponyanyua mkono wa bolti. Wanaonitisha zaidi ni wale ndugu wawili, bunduki za jeshi P14 ya Waingereza na M1917 ya Wamarekani. Mkono wa bolti umepinda vilevile, na masikio ya kulinda shabaha ya nyuma mafundi huyasaga kwa wote wawili. Lakini risasi zao ni tofauti: P14 inakula .303, M1917 inakula .30-06. Soma chuma: MODEL OF 1917 huwa imeandikwa juu ya risiva. Ukiwa na shaka, fundi wa silaha mwenye leseni apime chemba. Usijaribu kwa risasi.

Nilikuja hapa nikiwa nawalaani wote wanaokata bunduki za jeshi. Sasa nikiishika hii... mkono wa bolti umekunjwa vizuri usiguse darubini, mbao zimekaa. Parker-Hale, mafundi wa bunduki wa Birmingham, walifanya kazi hiyo ya kugeuza bunduki za jeshi kuwa za kuwindia kwa heshima. Na Otto Bock wa Berlin, mwaka 1905, aliibuni risasi ya 9.3x62 ienee kwenye risiva ya Mauser 98, ikiwalenga wawindaji na walowezi wa Afrika. Kwa hiyo, sawa, nalegeza. Kukata siyo dhambi, kufuta maandishi ndiyo dhambi.

Bei? Naona mnauliza. Siitaji, hapa hatuuzi, na silaha hainunuliwi kwenye komenti. Kuna sheria ya silaha ya 2015, anzieni polisi. Na risasi ndizo zitakazokukausha mfuko, siyo bunduki.

Mzee anasema nimemchelewesha, anataka kuifungia kabatini. Sabskraibu, wiki ijayo Lee-Enfield. Mzee, hadithi ya Kondoa utaendelea kuwasimulia wajukuu?

Anasema ndiyo.