V-Strom 650 au 1000? Uzoefu wangu wa safari ndefu nikitokea Mombasa

Nilichukua pikipiki ya Suzuki V-Strom 650, na mtu akiniuliza leo kati ya hiyo na ile ya 1000 nitamjibu vilevile, kwa sharti moja nitakalolitaja. Zote mbili nimeziendesha njia zilezile, maana rafiki ninayesafiri naye anayo ya 1000, ya mwaka 2017 kama yangu, na tukifika Voi hubadilishana funguo.

Injini zote ni za silinda mbili zilizokaa kwa umbo la V. Yangu ina ukubwa wa cc 645 na nguvu za farasi 71 hivi, yake cc 1037 na farasi kama 100. Lakini unachokisikia barabarani hasa ni msukumo: ile kubwa hutoa karibu nyutoni-mita (kipimo cha msukumo huo) 101 injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 tu kwa dakika, ilhali yangu hutoa 62, tena mpaka ifike kama 6,500.

Maana yake utaiona baina ya Maungu na Mtito Andei, kwenye barabara kuu ya Nairobi, matrela ya kontena yakiwa yamefuatana na wanaorudi wanakujia usoni. Kwa ile ya 1000 uko gia ya sita, wafungua mafuta, umeshapita. Yangu lazima nishuke gia moja. Nikimbeba mke wangu na maboksi yamejaa nashuka mbili, na nasubiri uwazi mrefu zaidi. Nikiwa peke yangu sioni upungufu. Kilomita 100 kwa saa inakwenda kwa utulivu na bado ina akiba.

Ila safari ya mtu wa Mombasa haianzii Maungu. Huanzia kivuko cha Likoni juani au kwenye foleni ya Changamwe, na huko ndiko ile kubwa iliponichosha. Ina kilo 232, yangu 213, na kiti chake kiko juu zaidi kwa sentimita moja na nusu. Ukiwa mwendoni tofauti hiyo haijulikani. Ukishuka mlango wa feri uliolowa maji ya chumvi, watu wamekuzunguka kila upande, kila kilo utaijua. Joto nalo! Foleni ya mwezi wa Februari, feni ikinguruma, silinda ya nyuma ya ile 1000 huchoma mapaja hata kwa suruali nzito. Yangu hupasha tu.

Kilichonikatia shauri ni Wundanyi. Kutoka Mwatate barabara yapanda milima ya Taita kwa kona baada ya kona. Nikiwa na 650 naitumia injini yote bila hofu, na pikipiki yaingia pale ninapotazama. Ile kubwa nilikuwa nikiizuia njia nzima.

Mafuta si hoja. Mimi napata karibu kilomita 22 kwa lita, mwenzangu 18 au 19, na matangi yote ni lita 20. Nairobi ni kama kilomita 480, kwa hivyo sote twajaza njiani.

Ukitafuta iliyotumika, jihadhari na mwaka. 650 za kabla ya 2017 hazina mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisiteleze. Ile ya 1000 inao tangu 2014. Mvua za kwanza za masika zikichanganyika na oili ya malori pale Mazeras, mfumo huo nauthamini kuliko farasi 30 za ziada. Kwa hivyo bei zikikaribiana, afadhali 1000 ya 2014 kuliko 650 ya zamani.

Na sharti lenyewe ni hili: kama safari zako nyingi ni za watu wawili na mizigo, nunua 1000. Mke wangu amepanda zote mbili na anaipenda ile kubwa, kwa sababu sibadilishi gia kila mara akatikisika huko nyuma. Sisi twasafiri pamoja mara chache, ndiyo maana nimebaki na yangu. Tofauti ya bei niliitia kwenye springi ngumu zaidi ya nyuma na kioo kirefu cha upepo, kwani kile cha kiwandani hunirushia upepo kwenye helmeti nikipita 90.