Tathmini ya huduma ya kupanga upya msimbo wa tovuti, Moshi

Kikokotoo cha bei za kupanda Kilimanjaro, katika tovuti ya kampuni ya utalii ninayoisimamia hapa Moshi, kilikuwa kimenakiliwa kwenye kurasa za njia tatu za kupandia, Marangu, Machame na Lemosho, hivi kwamba kila ada za hifadhi zilipobadilika ilibidi msimbo, yaani maelekezo ya programu, urekebishwe ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa mmoja uliosahaulika ulitosha kumpa mgeni bei isiyo sahihi. Kazi ya kuupanga upya tuliikabidhi kwa ofisi ya vijana watengeneza tovuti wa hapa mjini, na kwa sehemu kubwa nimeridhika nayo.

Hesabu zote sasa zimo ndani ya fanksheni moja (kipande cha msimbo chenye jina, kinachoitwa kila kinapohitajika), hesabuBei, inayopokea njia, idadi ya siku na idadi ya wageni, kisha inarudisha jumla bila kugusa ukurasa wenyewe. Hapo ndipo penye thamani ya kazi hii. Msimbo wa zamani ulisoma fomu, ukakokotoa na kuandika jibu kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo haukufaa penye fomu ya sura nyingine; fanksheni mpya inaitwa na kurasa za njia zote, inaitwa na fomu ya kuweka nafasi, na hata mimi naweza kuijaribu kwenye konsoli ya kivinjari, sehemu ya kuandikia amri, kwa kuandika Ziara.hesabuBei("Machame", 7, 2), Ziara likiwa jina moja linalobeba fanksheni hiyo.

Walimaliza pia mgongano wa majina. Kikokotoo kilikuwa na kigeu, yaani jina linalohifadhi thamani, kiitwacho jumla kinachoonekana na ukurasa mzima, na skripti ya kubadili dola kuwa shilingi nayo ilikuwa na jumla yake, basi iliyoandika mwisho ikawa inafuta ya mwenzake. Viwango vya ada na vigeu vya ndani vimefungwa sasa ndani ya fanksheni inayojiendesha yenyewe mara inapopakiwa, na kinachotoka nje ni Ziara peke yake. Ni desturi ya miaka mingi katika JavaScript, lugha iliyoanza mwaka 1995 bila moduli (faili za msimbo ambazo kila moja hutunza majina yake ndani), ambazo ziliingia katika kanuni zake rasmi mwaka 2015.

Kasoro ilijitokeza walipohamishia kila kitu kwenye moduli. Vitufe vya kurasa za zamani, vinavyoita fanksheni kwa onclick (agizo la kitufe kinapobofywa) ndani ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa, viliacha kufanya kazi vyote, kwa kuwa kinachotangazwa ndani ya moduli hubaki humo na HTML haikioni mpaka kiwekwe kwa makusudi kwenye window, mahali panapoonekana na ukurasa mzima, au kitufe kiunganishwe na fanksheni ndani ya msimbo kwa amri ya addEventListener. Walirekebisha siku hiyohiyo bila kudai nyongeza, nami nawashukuru kwa hilo, lakini kurasa hizo zilipaswa kujaribiwa kabla ya mabadiliko kuwafikia wageni. Atakayewapa kazi adai majaribio hayo yaandikwe kwenye makubaliano.

Limebaki jambo moja ninalolihesabu kuwa zito. Fanksheni ikipewa njia isiyoitambua, hata "rongai" kwa herufi ndogo badala ya "Rongai", hurudisha sifuri, na mgeni huiona sifuri hiyo kama bei. Nimewaomba itoe kosa badala ya namba, na kwa sasa fomu yetu inampa mgeni orodha ya njia za kuchagua, si kisanduku cha kuandika.