Vidole vitatu kwenye tachipadi ya Linux: uzoefu wangu na Touchégg

Jamani, Touchégg, programu ya kuiamuru laptopu kwa kupitisha vidole kwenye tachipadi, nimeitumia miezi mitatu sasa kwenye ThinkPad yangu ya mtumba, Linux Mint yenye mazingira ya Xfce, na imenifaa sana.

Kazi yangu ni makaratasi ya mizigo ya bandarini hapa Mombasa, kutwa nzima nimefungua Calc, PDF za meli, barua pepe na WhatsApp, kila kimoja kimefunika kingine, na mteja yuko kwenye simu anangoja namba ya kontena. Shemeji yangu anatumia GNOME, mazingira mengine ya Linux, yeye anapitisha vidole vitatu tu na deski (ukurasa wa madirisha) inahama, mimi nikijaribu hakuna kitu. Kumbe GNOME ina hiyo kitu ndani yake kwenye Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha, tangu toleo la 40 la mwaka 2021, lakini Xfce yangu iko kwenye X11, ule mfumo wa zamani, huku lazima uweke programu yako mwenyewe.

Nilianza na libinput-gestures, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Inafanya kazi, ila inataka ujiingize kwenye kundi la watumiaji liitwalo input, na ukishaingia humo programu yoyote unayofungua inaweza kusoma kibodi yako, hiyo sikuipenda hata kidogo. Nikaweka Touchégg, ambayo ina sevisi yake, yaani programu ya nyuma ya pazia, inayosoma tachipadi, wewe huingii kundi lolote: sudo apt install touchegg, ukatoka kwenye akaunti yako na kuingia tena, basi. Sasa kosa langu nilisahau kuzima ile ya kwanza, nikawa nikipitisha vidole mara moja naruka deski mbili, usiku mzima nalaumu tachipadi! Ukiweka moja toa nyingine.

Kupanga vidole vifanye nini nilitumia Touché, programu ya mipangilio ya Touchégg, iko Flathub (duka la programu za Linux), unabonyeza tu unachotaka. Mimi vidole vitatu kushoto na kulia ni kuhama deski, juu ni kukuza dirisha.

Shida iliyobaki ilikuwa joto letu hili. Stima ikikatika feni nayo inazima, vidole vinalowa jasho, nikigusa kidogo tu deski imeshahama katikati ya kuandika. Dawa niliikuta kwenye faili ya ~/.config/touchegg/touchegg.conf, kuna mstari wa action_execute_threshold, kwangu ulikuwa 20, nikaweka 35, yaani sasa lazima uvute vidole kweli kweli ndipo ihame. Na kipande cha kanga kuukuu kiko pembeni ya laptopu, napangusa tachipadi kila baada ya muda.

Kama laptopu yako ni ya zamani, kabla hujahangaika weka libinput-tools kisha andika sudo libinput debug-events kwenye terminali, pitisha vidole vitatu. Ukiona GESTURE_SWIPE endelea, usipoiona kabisa hiyo tachipadi yenyewe haihesabu vidole vitatu, usipoteze bando lako.