TAHADHARI: Wakili kishoka anauza "amri iliyosahihishwa" nje ya mahakama

Habari zenu ndugu zangu. Naandika nikiwa na uchungu, ila nitaeleza taratibu ili kila mwenye shauri la ndoa au matunzo ya watoto anielewe.

Mdogo wangu wa kike alipewa talaka katika mahakama ya wilaya. Hukumu ilimpa malezi ya watoto wawili na kumtaka baba yao atoe shilingi 150,000 kila mwezi. Hati ya amri ilipochapwa, sifuri moja ikadondoka, ikasomeka 15,000. Jina la mtoto wa pili nalo lilikosewa, halifanani na la kwenye cheti cha kuzaliwa. Hakugundua mpaka miezi miwili baadaye, mzazi mwenzie alipotuma 15,000 na kusema ndivyo karatasi inavyosema.

Akaenda kutoa kopi kwenye kibanda cha stesheneri karibu na mahakama. Hapo ndipo alipomkuta huyo mtu: suti nyeusi, mafaili kwapani, anaongea vifungu vya sheria kama maji. Akaisoma hati, akatikisa kichwa. "Dada, siku 45 za rufaa zimeshapita. Hapa mlango umefungwa, labda nikupitishie kwa mtu wangu wa masjala." Bei 650,000, nusu ilipwe papo hapo kwa simu. Mdogo wangu aliuza cherehani yake. Baada ya siku tisa akaletewa amri mpya yenye muhuri na sahihi.

Ilikuwa ya kughushi. Wakili wa upande wa pili aliipeleka masjala, jalada likafunguliwa, amri hiyo haimo. Mdogo wangu akaitwa kujieleza, maana kuwasilisha hati ya kughushi kwa kujua ni jinai, na yeye ndiye aliyekuwa ameishika mkononi. Usiku ule hakulala, wala mimi sikulala.

Sasa sikilizeni, maana uongo wenyewe ulikuwa hapa. Siku 45 ni za kukata rufaa, yaani pale usiporidhika na uamuzi wenyewe. Sifuri iliyodondoka si uamuzi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu makosa ya uandishi, ya hesabu au ya kupitiwa katika hukumu na amri yasahihishwe wakati wowote, na mahakama ile ile iliyoitoa. Mhusika anaweza kuomba, na mahakama yenyewe inaweza kusahihisha ikiona kosa. Hakuna kesi ya kufungua upya. Unaambatanisha nakala ya hukumu, nakala ya amri yenye kosa na, kama kosa ni la jina, cheti cha kuzaliwa. Upande wa pili nao hupewa nakala, kwa hiyo yeyote anayekwambia mambo yatamalizwa kimya kimya bila mwenzako kujua, mkimbie.

Ikiwa tatizo ni kwamba maisha yamebadilika, mfano mtoto ameanza kuugua au kipato cha baba kimepanda, hilo nalo lina njia yake. Sheria ya Ndoa ya 1971 inairuhusu mahakama kubadili amri ya malezi au matunzo hali ikibadilika, au ikibainika ilitolewa kwa taarifa zisizo sahihi.

Kabla hujampa mtu hata shilingi, mtafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania. Utaona kama ni wakili kweli na kama anaruhusiwa kufanya kazi. Huyu wetu hayumo. Ada za mahakama hulipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo ya serikali, kamwe si kwa namba ya simu ya mtu. Asiye na uwezo asione aibu: tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, na watoa huduma waliosajiliwa hawatozi kitu.

Na tafadhali, mkichukua hati, isomeni hapo hapo dirishani mkiwa na hukumu pembeni. Majina, tarehe, kiasi.

Tumeripoti polisi na RB (namba ya taarifa yetu kituoni) tunayo. Kama nawe ulimlipa mtu wa namna hii, usifute meseji wala miamala, nenda kituoni navyo. Maombi halisi ya mdogo wangu yameshapokelewa; ni kurasa mbili tu, na tunasubiri kuitwa.