Nyumba ya mafungo ya masista, njia ya Hombolo: nendeni mkapumzike

Kwa mnaoulizaga Dodoma mtu atulie wapi, mi nasema nendeni kwa hawa masista. Mji umechangamka mno tangu serikali ihamie, asubuhi foleni ya kwenda Mtumba kwenye ofisi za serikali, treni ya SGR nayo inakutoa Dar, masaa matatu na ushee tu uko huku, yani kila kitu mbio mbio mpaka sala tunasali huku tunafunga viatu.

Pale simu unaiacha mapokezi (hawakulazimishi ila iacheni jamani). Vyumba vya kawaida, kitanda, neti, meza na msalaba ukutani, maji ya moto ya ndoo. Chakula ugali wa uwele na mlenda, kitamu, na mnakula kimya, mwanzoni unaona ajabu kweli ila baadae unagundua kumbe siku zote ulikuwa unameza tu. Asubuhi sista anawapa kifungu kimoja, sisi tulipewa Marko 6:31, pale Yesu anawaambia mitume wakapumzike kidogo maana watu walikuwa wengi hata nafasi ya kula hawana, basi mnakisoma taratibu, mnarudia, mnakaa nacho mpaka mchana chini ya mibuyu. Mi nililia pale, na sioni aibu kusema.

Upepo wa jioni una vumbi, bebeni kikoi. Bei nafuu na wasio Wakatoliki wanapokelewa vizuri tu, shemeji yangu Mwanglikana kasharudi tena. Msiende na laptop.