Guild Wars 2 kwa mtu mzima asiye na muda

Kama una kazi na watoto na bado unatamani gemu la mazimwi na uchawi la kucheza na wenzio mtandaoni, kiukweli mi nakushauri Guild Wars 2. Lilitoka 2012 na halina malipo ya kila mwezi, gemu la msingi ni bure (lina vizuizi vyake lakini linatosha kuonja) na nyongeza unanunua mara moja basi, hata ukikaa miezi hujaingia hakuna hela inayokatwa. Ila kilichonikamata zaidi ni hiki, levo ya juu kabisa ambayo mhusika wako anaweza kufika ni 80 tangu linatoka mpaka leo haijapandishwa, yaani silaha na mavazi uliyoyahangaikia zamani bado yanafaa, wakati magemu mengine ukipotea kidogo tu unakuta kila ulichonacho kimepitwa inabidi uanze kukimbizana upya, sasa mtu mzima muda huo anautoa wapi jamani?

Mabosi wakubwa, yaani maadui wenye nguvu sana ndani ya gemu, wanatokea kwa ratiba inayojulikana, kwa hiyo watoto wakishalala unaangalia saa, unaingia, mnampiga na watu kibao msiojuana, zawadi unapata, unazima. Huombi kundi lolote likupokee.

Reidi, yaani zile misheni ngumu za kupiga mabosi na kundi maalum, ndo ngumu. Zinataka watu 10 waliokubaliana muda, mtoto akilia katikati umewaacha wenzio 9 pabaya, hizo mi naona bora uziweke mpaka likizo.